Kupe, Papasi na Homa ya Nguruwe

Mfasiri wa maandishi ya ufugaji wa kisasa wa nguruwe hukutana na neno moja la Kiingereza litajalo wadudu wawili ambao Kiswahili kimewatenganisha tangu zamani: kupe na papasi. Aghalabu huandika "kupe" na kuendelea. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, uzembe huo waweza kumfilisi mfugaji.

Huko ni nchi ya ng'ombe. Wakurya, Wangoreme na Waikoma wanamjua kupe kwa kuwa ndiye aletaye ndigana kali, na kinga yake waijua pia, nayo ni josho. Kupe hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa, hivyo dawa humkuta. Papasi, ambaye wasafiri wa zamani walimwogopa kwa sababu ya homa ya papasi, ana tabia nyingine kabisa. Hutoka usiku katika ufa wa ukuta au vumbi la sakafu, hunyonya damu kwa dakika chache, kisha hurudi mafichoni. Naye aweza kukaa miaka bila chakula. Mfugaji aambiwaye azuie kupe atawaogesha nguruwe wake dawa, ilhali adui yumo ukutani.

Homa yenyewe ilielezwa mwaka 1921 na R. Eustace Montgomery, mtaalamu wa mifugo nchini Kenya, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Mwaka 1957 ikafika Lisbon. Mwaka 1963 ikagunduliwa katika papasi wa Hispania, na mwaka 1969 Walter Plowright (yule yule wa chanjo ya sotoka) na wenzake wakatangaza kuwa wameikuta katika papasi waliookotwa kwenye mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Mashimo hayo ndiyo malazi ya ngiri, ambaye hubeba virusi bila kuugua. Hifadhi ya Serengeti inao ngiri wengi, na wilaya zote mbili zimepakana nayo.

Ndiyo maana banda la kisasa huwa na sakafu ya saruji, kuta zisizo na nyufa, uzio wa kuzuia ngiri, na dawa ya kukanyaga mlangoni, maana ugonjwa ukiisha kuingia huenea kwa kugusana, kwa viatu na kwa makombo ya nyama. Tiba hauna.

Jina la ugonjwa nalo lina utata. "Homa ya nguruwe" pekee huchanganya ugonjwa huu na mwingine wa virusi tofauti uliojulikana kwanza Marekani na Ulaya. Mwaka 2009 mafua ya binadamu nayo yalibandikwa jina la nguruwe, na Misri ikaamuru kuchinjwa nguruwe wapatao 300,000, ingawa watu walikuwa wakiambukizana wao kwa wao. Homa tunayoizungumzia haimpati binadamu hata kidogo.

Twapendekeza, basi, iandikwe kwa ukamilifu "homa ya nguruwe ya Afrika"; mdudu aitwe papasi; na ngiri, kwa kuwa jina hilo ni la maradhi ya mshipa pia, aandikwe "mnyama ngiri" atajwapo mara ya kwanza katika kijitabu cha wafugaji.