Muda wa Injini katika Ndege Ndogo Binafsi

Muda wa injini ni kiwango cha saa au miaka anachopendekeza mtengenezaji kabla injini haijafumuliwa yote na kuundwa upya. Kwa matoleo mengi ya Lycoming O-320, iliyofungwa katika Cessna 172 nyingi, ni saa 2,000 au miaka 12.

Nchini Marekani, mmiliki anayeruka kwa shughuli zake mwenyewe halazimiki kisheria kuufuata. Lazima kwake ni ukaguzi wa kila miezi 12: fundi hupima mgandamizo wa silinda, hukata filta ya oili na kukunjua karatasi yake, mkunjo kwa mkunjo, akitafuta chembe za chuma.

Adui mkubwa wa injini, hata hivyo, ni kukaa bure. Kemshafti ya Lycoming iko juu ya krenkishafti. Oili ikishachuruzika, kemshafti hubaki kavu na kushika kutu.