Senema na Haki ya Kusema: Kutoka Vugiri hadi Ngome Kongwe

Neno tamasha lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya zamani katika Kiswahili ni jambo la kutazamwa kwa furaha au kwa mshangao. Siku hizi maana hiyo imepanuka, hata tamasha la filamu limekuwa mkutano wa siku kadhaa ambamo watu hutazama picha, kisha huzijadili. Tofauti kati ya kutazama na kujadili si ndogo. Historia ya senema katika Afrika ya Mashariki ni historia ya safari ndefu itokayo katika jambo la kwanza kwenda katika la pili, na kipimo cha safari hiyo ni lugha: nani asemaye, kwa niaba ya nani, na nani aruhusiwaye kujibu.

Mwaka wa 1935 kilianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chama cha majaribio ya senema kwa ajili ya mafunzo ya Waafrika. Fedha zake nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, na wasimamizi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Mpaka kazi ilipokoma mwaka wa 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35, juu ya kilimo, afya, akiba ya fedha na mengineyo. Picha zenyewe zilikuwa bubu; maneno yalitiwa katika sahani za santuri na kuchezwa pamoja nazo. Hivyo mkulima alionekana kwa sura yake, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

Desturi hiyo haikukoma pamoja na majaribio ya Vugiri. Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoundwa na Waingereza mwaka wa 1939, ilitegemea sana magari ya senema na mfasiri aliyesimama penye kikuza sauti, akiwaeleza wanakijiji waliyoyaona. Mfasiri huyo alikuwa mtu wa maana kuliko alivyodhaniwa. Maneno aliandaliwa na wakubwa, lakini mzaha, methali na mkazo vilikuwa vyake mwenyewe. Na hapo, pengine kwa mara ya kwanza, senema ilianza kusema Kiswahili cha watu.

Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulitoa Tangazo la Haki za Binadamu, ambalo kifungu chake cha 19 champa kila mtu haki ya kupokea habari na ya kuzitoa. Katika Tanganyika ya wakati ule nusu ya kwanza ya haki hiyo ilitembezwa kwa magari, nusu ya pili ikabaki ofisini. Lakini mambo hayakusimama. Katika filamu *Muhogo Mchungu*, ya mwanzo wa miaka ya 1950, mchezaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo baadaye akawa kiongozi wa wafanyakazi, na mwaka wa 1962 akawa Waziri Mkuu. Aliyepewa maneno ya kusema katika picha aliyapata yake mwenyewe nje ya picha.

Mwaka wa 1992 Flora M'mbugu-Schelling alitoa filamu *Mikono Hii*, juu ya wanawake wapondao kokoto machimboni karibu na Dar es Salaam, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Hakuna mfasiri wala msimulizi. Yasikika nyundo, na nyimbo na maneno ya wanawake wenyewe. Kuondolewa kwa sauti ya juu ndiko kulikowarudishia wafanya kazi hao heshima yao.

Filamu za namna hii zilihitaji uwanja. Tamasha la Filamu la Zanzibar liliasisiwa mwaka wa 1997, likafanyika mara ya kwanza mwaka wa 1998, likatumia Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa. Halikuwekwa kwa ajili ya haki za binadamu peke yake. Hata hivyo lilipanga maonyesho kwa ajili ya wanawake, na likapeleka filamu mashamba ya Unguja na Pemba. Palipopita zamani gari la amri sasa palipita gari la mazungumzo.

Isidhaniwe kwamba nia njema yatosha. Mwaka wa 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu juu ya biashara ya sangara mjini Mwanza. Alionyesha minofu ikisafirishwa Ulaya na maskini wakibakiwa na mapanki. Wengi ng'ambo waliisifu kuwa sauti ya wanyonge. Lakini mwaka wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kuwa imelidhalilisha taifa. Kati ya sifa na lawama hizo, mla mapanki mwenyewe ndiye aliyesikilizwa kidogo kuliko wote. Mgeni alimsemea, na serikali ikamjibia.

Basi tamasha la haki lisipimwe kwa wingi wa filamu zitajazo dhuluma. Lipimwe kwa jambo moja: taa ziwashwapo, je, aliyepigwa picha yumo barazani, na lugha ya majadiliano ni lugha awezayo kuitumia kukanusha? Pasipo hayo, sahani ya santuri ya Vugiri ingali ikizunguka.