Mkunazi Uliotulea



Mwaka huu tumechagua kukumbushana habari za mkunazi, kile kichaka kilichotuchania mashati tulipokuwa tukichunga mbuzi. Miiba yake hukaa miwili miwili, mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Hata hivyo, nani kati yetu hakurudi nyumbani mifuko imejaa kunazi?

Wazee wetu waliujua mwitu kwa shida, si kwa mchezo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Ugogo, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walioingia Dodoma Julai 1916 nao wakafanya vivyo hivyo. Vihenge vikabaki vitupu, mikono ya kulima ikapungua, kisha mvua ikakosekana. Ndiyo njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Watu walihama, wengine waliweka watoto rehani kwa wenye chakula, na maelfu walikufa. Waliobaki waliingia porini kutafuta matunda, majani na mizizi.

Ndiyo maana hatuoni kunazi kuwa tunda la watoto tu. Hakuna aliyelipanda, huiva kiangazi shamba likiwa halina kitu, na likikaushwa huwekwa akiba. Majani yake ni malisho ya mbuzi. Matawi yake ndiyo uzio wa zizi, fisi hapiti.

Leo vichaka hivyo vinakwisha. Vinageuzwa mkaa, vinafyekwa kupisha viwanja. Mkunazi ukikatwa huchipua tena, lakini ukichimbwa na kisiki umekwenda. Tukiuacha uishe, mwaka wa ukame wajukuu wetu watakimbilia wapi?

Basi sehemu ya michango ya mwaka huu tunaomba iende kwenye kitalu cha miche katika shule yetu ya msingi. Watoto wataokota kokwa, watazivunja taratibu ili mbegu ziote mapema, na miche itapandwa kuzunguka shule. Tutapata uzio usiohitaji waya, na matunda juu yake.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Asiye na fedha alete jembe, samadi au ndoo ya maji. Wazee walituachia mti. Nasi tusiwaachie wajukuu hadithi yake peke yake.