Helmeti ya bodaboda hufa kabla ya kupasuka

KATIKA steji za bodaboda mjini Kakamega, kuanzia Amalemba hadi Lurambi, tairi na breki hubadilishwa pindi zinapolika. Helmeti, kwa upande wake, aghalabu huachwa ifanye kazi hadi ipasuke, ilhali uwezo wake wa kukinga kichwa huwa umekwisha zamani.

Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamlazimu mwendeshaji pikipiki na abiria wake kuvaa helmeti na jaketi lenye viakisi mwanga. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali, uliotolewa 2008, ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufariki kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Manufaa hayo hutegemea helmeti iliyo nzima.

Kinachookoa maisha hasa si gamba la nje, bali sponji ngumu nyeupe iliyo ndani, ya jamii ile inayofungiwa televisheni mpya katika katoni. Kishindo kinapotokea, sponji hiyo hubonyea na kumeza nguvu ambayo ingeufikia ubongo. Ikishabonyea, hairudi ilivyokuwa. Kwa hivyo, helmeti iliyogonga lami ikiwa kichwani imemaliza kazi yake, hata kama gamba lina mkwaruzo mmoja tu. Iliyoponyoka ikiwa tupu kutoka kwenye kiti huenda haijadhurika, ila ikaguliwe.

Umri nao ni jambo la kuzingatia. Wakfu wa Snell wa Marekani, unaopima helmeti tangu 1957, hupendekeza ibadilishwe baada ya miaka mitano. Sababu ni kwamba jasho, mafuta ya nywele na gundi inayozeeka huidhoofisha kutoka ndani, na jua kutoka nje. Kakamega i karibu na ikweta, na mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Mhudumu anayeshinda barabarani kutwa hana sababu ya kuivuta miaka hiyo mitano iwe saba.

Zipo pia desturi zinazoharakisha uzee huo. Kufuta madoa kwa petroli au kupaka rangi isiyofaa huweza kulilainisha gamba la plastiki bila ishara yoyote. Kuitundika kwenye kioo cha pembeni huichimba sponji pale pale inapohitajika.

Ukaguzi hauhitaji fundi. Kitoe kitambaa cha ndani ukiwa mahali penye mwanga, uipapase sponji yote kwa kidole gumba ukitafuta nyufa, mashimo au sehemu zilizolegea. Ivae, uifunge, kisha utikise kichwa. Ikizunguka peke yake, imekuwa kubwa. Kamba iliyochanika nyuzi au kifungo kisichoshika ni sababu tosha ya kuiacha, wala fundi viatu asiombwe kuishona, kwa sababu mshono wake haukupimwa kwa mvuto wa ajali. Kioo cha mbele kilichokwaruzika, ambacho usiku huzitawanya taa za malori ya barabara ya Webuye, chaweza kubadilishwa peke yake.

Tarehe ya kutengenezwa kwa kawaida huwa kwenye kibandiko chini ya kitambaa. Helmeti ya mtumba yafaa iepukwe, maana mnunuzi hawezi kujua iligonga nini. Mpya nayo itafutwe yenye alama ya ubora ya Kebs.

Jaketi lipimwe usiku. Litundikwe hatua 50 hivi, kisha limulikwe kwa tochi. Mikanda isiyong'aa imechakaa, hata kitambaa kikiwa kizima.

Linalostahili kukemewa ni mazoea ya kununua helmeti mpya na kumwachia abiria ile ya zamani. Abiria haoni barabara vizuri wala hashiki breki. Kinga yake haipaswi kuwa duni. Akilalamikia harufu, kitambaa cha ndani kifuliwe kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini.

Gharama, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni ya mwenye pikipiki anayepokea hesabu kila jioni, sawa na oili na tairi. Na helmeti iliyokwisha ikatwe kamba kabla ya kutupwa, ili mwingine asiiokote akaivaa.