Njia ya Kurudi Masasi

Mgeni afikapo Unguja aghlabu hupelekwa Mkunazini akaonyeshwa kanisa kuu lililosimama palipokuwa na soko la watumwa, na ni haki aonyeshwe, maana mahali hapo, ambapo binadamu alikaguliwa meno na misuli kabla ya kutajwa bei, hata mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipotia sahihi mkataba wa kufunga masoko hayo, ndipo Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) alipotaka madhabahu isimame. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule, na Steere, aliyepewa uaskofu mwaka 1874, alisimamia mwenyewe uashi wake wa chokaa na matumbawe, huku akifasiri Maandiko kwa Kiswahili. Jengo lile ni adhimu, wala simpunguzii sifa mjenzi wake; walakini sehemu iliyo nzito zaidi ya habari hii haikutendeka Mkunazini. Ilitendeka bara, katika njia ya Lindi na Masasi, na wengi walioitenda walikuwa watu waliokwisha kuuzwa na kununuliwa.

Watumwa walionaswa majahazini na manowari za Waingereza, baadhi yao walikabidhiwa misheni: wavulana wakasomeshwa Kiungani, wasichana Mbweni, na watu wazima wakapewa viwanja vya kujenga na kulima katika shamba hilohilo la Mbweni, kusini ya mji. Hapo palikuwa na usalama, kwa kuwa balozi wa Uingereza alikuwa karibu na hapana aliyethubutu kuwagusa. Bara haikuwa hivyo. Mkataba wa 1873 uliziba njia ya bahari, na wafanyabiashara, badala ya kuacha biashara yao, wakaigeuzia nchi kavu, wakawaswaga mateka kwa miguu kutoka upande wa Kilwa kwenda kaskazini, hata Sayyid Barghash akalazimika mwaka 1876 kuipiga marufuku misafara ya bara nayo. Na amri ya mfalme haikuwa na miguu mirefu kama ya wale iliyowakataza.

Ni katika mwaka huo wa hatari, mwezi wa Oktoba, Steere alipoondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, kuwarejesha upande wa kwao, Uyao na Nyasa. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekwenda mwenyewe kutoka Lindi hata Mwembe kwa Mataka, mkuu wa Wayao, akaijua njia na shida zake. Basi na tuwafikirie wasafiri wale. Mtu aliyeteremka pwani shingoni ana kongwa, aliyewaona wenziwe wakiachwa njiani kwa sababu miguu imewashinda, sasa anapanda nchi ileile kwa hiari yake, mzigo kichwani, akijua kuwa mtu yeyote mwenye bunduki nyingi kuliko wao angeweza kumrudisha katika hali ile aliyookolewa nayo. Walipofika Masasi, chini ya majabali yake makubwa, wakaipenda ardhi na kukuta watu wa namna yao, wakakata shauri kukaa. Steere akamwacha mmisionari William Percival Johnson pamoja nao, yeye mwenyewe akarudi pwani. Na mwaka 1877 akaja mmisionari Chauncy Maples kuiongoza kazi. Wamisionari hawa hawakupokea mshahara ila posho ya kujikimu, na homa iliwaua wengi katika wenzi wao, kwa hiyo hapana awezaye kusema kuwa walihubiri kujinyima huku wakiishi kwa anasa.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa msiba. Mwezi wa Agosti Steere alifariki Unguja, akazikwa nyuma ya madhabahu aliyoijenga. Na haukupita muda mrefu Magwangwara, wavamizi wa Kingoni, wakaiangukia Masasi, wakaua na kuteka, na watu waliokwisha kuonja utumwa wakauonja mara ya pili. Maples akahamia Newala, kwa mkuu Matola. Lau wote wangalirudi Mbweni baada ya siku ile, ni nani angaliwalaumu? Lakini kazi haikukoma. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, Myao aliyefika Unguja utotoni akiwa mtumwa, akasoma Kiungani na baadaye Canterbury huko Uingereza, alipewa ushemasi, akaenda na jamaa yake kukaa Chitangali kwa mkuu Nakaam, mbali na bandari na mbali na balozi. Angeweza kuzeeka kwa heshima katika ualimu wa Unguja. Mwaka 1890 akatiwa upadri, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika misheni ile, na kwa miaka kadhaa akauchunga ushirika wa Chitangali bila ya Mzungu kukaa naye. Masasi nayo ikafufuka, na mwaka 1926 ikawa dayosisi yenye askofu wake.

Dini huhubiriwa kwa wepesi na mtu asiyepoteza kitu kwa kuihubiri. Ukristo, ambao asili yake ni Bwana aliyejifanya mtumishi wa watu, hauna hoja nyingine yenye nguvu ila mtu anayetoa kile ambacho kukitoa ni maumivu. Tajiri akitoa mali hutoa sehemu. Watu wale hawakuwa na mali, na kitu pekee cha thamani walichokuwa nacho ni salama ya miili yao, nayo ndiyo waliyoiweka rehani. Wala isisemwe kuwa walikuwa wakilipa fadhila za waliowakomboa. Uhuru ulikuwa haki yao tangu kuzaliwa, waliyonyang'anywa kisha wakarudishiwa, na mtu aliyerudishiwa haki yake hana deni. Kwa ajili hiyo walichokitoa katika njia ya Masasi hakiwezi kuitwa malipo. Ilikuwa sadaka, na Kanisa la kusini limejengwa juu yake.