Baruti Huchacha

Kwa miaka sita baba yangu alilinda mali za watu akiwa ndani ya gari. Lilikuwa pikapu nyeupe la kampuni ya ulinzi mjini Shinyanga. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha mbele, bunduki ya marisau katikati ya magoti, wakizunguka usiku kucha kutoka duka moja la jumla hadi jingine. Asubuhi bunduki ilirudishwa ofisini na kusainiwa. Risasi tano hazikurudishwa. Zilibaki kwenye droo ya dashibodi, ndani ya kiboksi kilichofungwa kwa mpira, kwa sababu kuzisaini kila siku kulionekana usumbufu. Mchana kutwa pikapu liliegeshwa uwanjani, juani.

Nilikuwa darasa la sita nilipofungua ile droo nikitafuta kijiko. Nilikuwa nimempelekea baba chakula. Kiboksi kilikuwa cha moto, nikakiachia haraka kama mtu aliyegusa sufuria.

"Baba, hizi hazilipuki?"

Akacheka. "Risasi haiogopi jua, mama. Inaogopa mtu mzembe."

Usiku mmoja wa mwaka 2013 watu wanne walivamia duka alilokuwa akililinda. Baba alivuta kifyatulio. Kikalia "ta", kisha kimya. Akabadilisha risasi, akavuta tena. Kimya. Walimpiga kwa nondo, na mpaka leo mkono wake wa kushoto haupandi kupita bega. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya mistari minne: mlinzi ameshindwa kutumia silaha aliyokabidhiwa, ajira yake imekoma. Walimuuliza kama alikuwa amelala na kama alikuwa amekunywa. Risasi zilikuwa zimekaa wapi, hakuna aliyeuliza.

Leo ninasoma shahada ya uzamili ya historia Dar es Salaam. Nilikuja na mpango wa kuandika kuhusu bandari, nikajikuta kila jioni ninasoma kuhusu baruti. Nilitaka jibu la swali lile la darasa la sita.

Jibu la kwanza ni kwamba baba alikuwa sahihi. Gari lililofungwa vioo juani linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi ndani, na dashibodi ikazidi hapo. Ni joto la kutesa, lakini baruti ya risasi huhitaji zaidi ya nyuzi 150 ili iwake yenyewe papo hapo. Jua peke yake halifikishi hapo. Moto ndio unaofikisha. Tarehe 11 Julai 1991, katika kambi ya Doha nchini Kuwait, gari la deraya la Wamarekani lililobeba makombora ya mizinga ya milimita 155 lilishika moto kutokana na hitilafu ya kifaa chake cha kupashia joto. Magari mengine yalikuwa yameegeshwa karibu karibu, yamesheheni risasi na makombora, kwa kuwa kikosi kilikuwa tayari kwa vita. Milipuko iliendelea kwa saa kadhaa. Magari karibu mia moja yaliharibika na watu zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Siku ile hakufa mtu. Siku kumi na mbili baadaye, askari watatu waliokuwa wakisafisha mabaki walilipukiwa na kufa.

Lakini joto lina njia ya pili, ya polepole, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Baruti ya kisasa ni pamba. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi kutokana na pamba iliyochovywa katika asidi kali, yaani nitroselulosi. Babu yangu alilima pamba Maswa maisha yake yote, na sikumbuki kumsikia akisema kwamba zao lile lina tawi la pili huko duniani. Jeshi la Ufaransa liliifurahia baruti hiyo, kisha majeshi yote yakafuata. Kitu walichochelewa kukielewa ni kwamba pamba ile haitulii. Tangu siku inapotengenezwa inajimeng'enya taratibu na kutoa gesi za nitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu zinageuka asidi, na asidi inaharakisha kumeng'enyuka. Kwa lugha ya jikoni, baruti huchacha. Na kama chakula, kwenye joto huchacha upesi.

Tarehe 12 Machi 1907 manowari ya Kifaransa Iéna ilikuwa imepandishwa kwenye gudi kavu huko Toulon. Maghala yake ya baruti yalikuwa jirani na mitambo ya umeme, na mitambo hutoa joto. Baruti ililipuka. Ndani ya gudi hapakuwa na maji ya kuyafurikisha maghala, ikabidi manowari nyingine, Patrie, ifyatue kombora kwenye lango la gudi ili bahari iingie. Kombora likadunda. Watu karibu 120 walikufa. Tarehe 25 Septemba 1911, katika bandari ile ile, ikalipuka Liberté, na safari hii waliokufa walikuwa karibu 300.

Wachunguzi walirudi kwenye baruti yenyewe. Ilikuwa ikitulizwa kwa alkoholi ya amili, ambayo huruka hewani kadiri joto linavyopanda, hivyo meli iliyokaa kwenye joto ilibaki na baruti isiyo na mlinzi. Badala yake ikatumika difenilamini, kemikali inayozinasa zile gesi kabla hazijaleta madhara. Dawa za namna hiyo zimo ndani ya risasi mpaka leo. Lakini dawa huisha. Wakemia wana kipimo cha haraka haraka: joto likipanda kwa nyuzi 10, mmeng'enyuko huenda mbio angalau mara mbili. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari. Kutoka nyuzi 25 za kivulini hadi nyuzi 65 za garini ni hatua nne: mbili, nne, nane, kumi na sita. Saa moja ndani ya ile droo ni sawa na saa 16 ndani ya chumba chenye ubaridi. Zidisha kwa miaka sita.

Hapa wingi nao una neno lake. Risasi tano zikichacha, joto dogo linalozaliwa ndani yake hupotea hewani. Haziwaki, zinaharibika tu. Tani nyingi zikichacha pamoja, joto halina pa kutokea, linarundikana mpaka rundo linajiwasha lenyewe. Ndiyo maana ghala la silaha linahitaji upepo, kivuli, daftari la tarehe na mtu wa kuchukua sampuli na kupima kiasi cha dawa kilichobaki.

Tarehe 22 Machi 2007, ghala la Malhazine katika jiji la Maputo lililipuka. Lilijengwa mwaka 1984 kwa msaada wa Wasovieti, na kwa miaka mingi nyumba za watu zilisogea mpaka kulizunguka. Makombora yaliruka mitaani jioni, watu zaidi ya 100 wakafa na mamia wakajeruhiwa. Januari ya mwaka huo huo ghala hilo hilo lilikuwa limelipuka kwa kiasi kidogo, na joto likatajwa. Machi serikali ikataja joto tena. Baadaye yakaongezwa uzee wa silaha na uzembe wa watu.

Msomaji wa Dar es Salaam hapa atakumbuka Mbagala, 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, 16 Februari 2011. Kila mlipuko una kesi yake, na siandiki ili kuzichanganya. Ninachotaka kukionyesha ni jinsi neno "joto" linavyotumika. Likisemwa peke yake, linasikika kama radi: limeshuka kutoka juu, hakuna wa kuulizwa. Kumbe tangu Iéna, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, joto ni jambo linalohesabika. Lina nyuzi, lina miaka, lina kiasi cha dawa kilichobaki. Mtu wa kuhesabu akikosekana, hesabu haisimami. Inaendelea kwenda, na atakayeisoma ni yule anayeishi jirani na ghala. Au yule anayekaa kiti cha mbele.

Desemba nilirudi nyumbani na daftari langu. Nilimwambia baba ukweli wote, pamoja na upande usiotusaidia: siwezi kuthibitisha. Risasi zile hazipo. Inawezekana baruti ilikuwa imechacha. Inawezekana ni fataki ya kwenye kitako cha risasi, kwa sababu risasi ya marisau haikufungwa kabisa. Mchana hewa ya ndani hutanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta unyevu, na Shinyanga masika unyevu upo. Inawezekana pia bunduki ilikuwa mbovu. Lakini kati ya mambo yote yanayowezekana, barua iliandika moja tu, lile lenye jina lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akilisugua bega. Nilitegemea atafurahi, au atakasirika. Aliliomba daftari, akaiangalia ile hesabu ya mbili, nne, nane, kumi na sita kwa muda mrefu.

"Yule kijana waliyemweka baada yangu," akasema, "walimpa pikapu lile lile."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Na risasi, unadhani walimpa zipi?"