Leseni za programu za seva kwa asasi ndogo

Leseni ya programu ya seva ni ruhusa ya kisheria inayoeleza nani aitumie programu hiyo, kwenye mashine zipi na kwa masharti gani. Asasi isiyo ya faida yenye seva moja ya kutunzia mafaili na hesabu kwa kawaida huchagua kati ya Windows Server ya Microsoft na mojawapo ya mifumo ya Linux.

Windows Server hulipiwa mara mbili. Kwanza hulipiwa seva yenyewe: tangu toleo la 2016, leseni ya Standard huhesabiwa kwa viini vya prosesa, na kila seva hulipiwa viini visivyopungua 16 hata ikiwa ina vinane tu. Kisha hulipiwa wanaoingia kwenye seva hiyo, na hapa ndipo bajeti huvurugika, kwa sababu leseni hizi hutolewa ama kwa mtumiaji ama kwa kifaa. Ofisi yenye watumishi 20 wanaopokezana kompyuta 12 hutoshelezwa na leseni 12 za vifaa. Watumishi hao hao wakipewa kila mmoja kompyuta mpakato na simu za kuingilia humo, vifaa vinakuwa 40, na leseni 20 za watumiaji ndizo zitakazokuwa nafuu. Toleo la Essentials halidai leseni hizo za pili, ila lina ukomo wa watumiaji 25 na vifaa 50.

Shirika la TechSoup, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1987 kwa jina la CompuMentor, huzifikishia asasi zilizothibitishwa programu za msaada au za bei ya punguzo. Leseni za msaada haziuzwi wala hazihamishiwi asasi nyingine.

Linux yenyewe iko chini ya leseni ya GPL, toleo la pili la mwaka 1991, ambayo haihesabu watumiaji wala mashine. Debian, mmojawapo wa mifumo hiyo ya Linux, haina ada. Programu ya Samba, inayowekwa kwenye seva ya Linux, tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza kusimamia akaunti na nywila za kompyuta za Windows zilizoko ofisini. Hata hivyo, uhuru wa leseni hauhakikishi uhai wa mradi: CentOS Linux 8, mfumo mwingine wa Linux, ilitarajiwa kutunzwa hadi 2029, lakini Desemba 2020 ilitangazwa kuwa itasitishwa mwisho wa 2021.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe la fundi wa kuitunza seva, si la bei. Debian isiyo na mtu wa kuisasisha ni hatari sawa na Windows Server 2012, ambayo huduma yake ya kawaida ya masasisho ilikoma tarehe 10 Oktoba 2023, na ndani ya seva za asasi huenda mkawa na kumbukumbu za wagonjwa, yatima na wanawake waliokimbia vipigo. Leseni yoyote itakayochaguliwa iandikishwe kwa jina na baruapepe ya asasi, kamwe isiwe ya fundi, na hati zake zitunzwe pamoja na cheti cha usajili.